Mnakaa Wangapi Mbele?

Jumamosi barabara ya vipuri haina adabu. Kila duka limetoa mali yake nje, magurudumu yamepangwa mpaka njia ya waendao kwa miguu, na wapiga debe wanamvuta mteja huku na huku kana kwamba wanagombea mirathi. Katikati ya vurugu hiyo alisimama msichana mwenye gauni la maua ya zambarau, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni. Alikuwa mshona mapazia, na utepe ule alikuwa akiusahau shingoni popote aendapo, hata harusini.

Alikuwa amemweleza muuzaji wa duka la kona kwamba anataka kushusha pikapu yake ndogo, ikae chini kidogo. Muuzaji alimsikiliza kwa sikio moja, akamjibu kwamba hapo hakuna cha kununua. Springi zikatwe kwa grenda, gari litakaa chini leo leo.

"Usimsikilize, dada," sauti ilisema nyuma yake. "Springi ikishakatwa, gari linaruka kama mbuzi. Springi haikatwi, inabadilishwa."

Msichana aligeuka. Aliyesema alikuwa kijana mrefu, ovaroli ya buluu imefuliwa mpaka imepauka magotini, penseli sikioni. Chini ya ovaroli, kola ya shati ilikuwa imepigwa pasi. Lakini kifungo cha juu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, tena vibaya, na mshona mapazia, ambaye humsoma mtu kwa mishono yake, alijua papo hapo kwamba huyu hana mtu wa kumshonea. Kwa nini jambo hilo limfurahishe, hakujiuliza.

Kijana alikuwa fundi springi, karakana yake nyuma ya maduka yale. Wenzake walimwita Nusu, kifupi cha Nusu Inchi, kwa sababu alikuwa radhi kufungua kazi iliyokwisha kisa nusu inchi. Alimpeleka karakanani, akafuta kiti kwa kitambaa, akakifuta tena, kisha akaanza kumwonyesha. Mbele wataweka springi fupi zenye ugumu unaofaa. Nyuma wataweka vipande vya chuma kati ya ekseli na springi, ili bodi ishuke. Na shokomzoba lazima ziwe fupi nazo, la sivyo zitagonga kila kwenye shimo.

"Unabeba nini?" aliuliza.

"Mapazia. Fito zake. Na ngazi."

"Vyepesi. Na mbele mnakaa wangapi?"

Lilikuwa swali la kazi. Gari hupimwa kwa watu wake, maana kila anayepanda hulididimiza kidogo. Lakini msichana alinyamaza, na ukimya wake ulikuwa na sababu.

Nyumbani kulikuwa na baba. Mzee huyo alikuwa dereva maisha yake yote, na pikapu ile, aliyoiita Bibie, ndiyo aliyojinunulia mwishoni. Kisha aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, ila mguu haukunyanyuka tena kama zamani, na kimo cha Bibie kikamshinda. Binti yake alipojaribu kumwinua, mzee aliusukuma mkono wake. Alisema amebeba mizigo miaka yote, hatabebwa yeye kama mzigo. Tangu hapo hakuvuka geti. Tena alimkataza binti asimtangaze huko nje, watu wasije wakamwonea huruma. Binti alikaa akafikiri, akapata jibu moja: kama mzee hawezi kumpandia Bibie, basi Bibie atamshukia mzee.

Lakini hilo hakuruhusiwa kulisema.

"Nakaa peke yangu," alijibu. "Nataka tu ipendeze."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akaliweka jibu akilini. Moyo wake nao, ambao hakuna aliyeuuliza, ukaliweka vilevile.

Kuchagua vipuri kulichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na wote wawili walilijua hilo. Kulikuwa na springi za kulinganisha, kisha raba za kulinganisha, kisha ikawa lazima msichana aje aone rangi ya shokomzoba, kana kwamba kuna mtu huinama chini ya gari kutazama rangi. Siku moja alikuja na sindano, akamsimamisha fundi mlangoni na kukishona upya kile kifungo, akakata uzi kwa meno karibu kabisa na shingo yake. Fundi alisahau kupumua mpaka alipoambiwa tayari.

Simu nazo zilikuwa haziishi, na fundi alikuwa ameshambatiza msichana jina la Pazia.

"Pazia, umekula?"

"Nimekula. Umepiga kuuliza chakula au kuniambia habari za springi?"

"Springi zimefika. Chakula ni salamu."

"Salamu yako ya tatu leo."

"Basi nihesabie vizuri, maana ipo ya nne. Nikikuona unashuka kwenye gari, nasahau nilichoshika mkononi."

"Ulishika nini?"

"Nyundo."

"Mpenzi, hiyo usiisahau," alisema, akacheka, kisha wote wawili wakanyamaza, kwa kuwa neno mpenzi lilikuwa limetoka lenyewe bila kuitwa.

Msichana alikuwa ameomba gari lishuke inchi mbili. Alikipima kiti cha pikapu, akakipima na kiti cha baba sebuleni, akatoa hesabu yake kimya kimya. Lakini fundi, usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, alitazama kazi akaona kwamba ikishuka inchi ya tatu itapendeza zaidi, bodi itakaa juu ya magurudumu kama kofia kichwani. Si alisema anataka ipendeze? Na si anakaa peke yake? Akamwongezea. Kila mtu hutoa zawadi kwa alichonacho, na yeye alikuwa na inchi.

Asubuhi msichana aliitazama Bibie, akamtazama fundi, furaha ikamziba macho. Mtu aliyezoea kupima kila kitu hakupima siku hiyo.

Mzee alipanda mwenyewe. Aliketi, akaingiza miguu, akafunga mlango kwa kishindo cha mwenye mali. Binti aliendesha huku machozi yakimlenga. Walizunguka mtaa, wakaenda mpaka mbele ya duka la vitambaa, na hapo mzee akasema angependa kushuka anyooshe miguu. Alitoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akajisukuma. Hakunyanyuka. Kwa uzito wa watu wawili kiti kilikuwa kimezama chini mno, magoti yalikuwa juu ya nyonga. Alijisukuma tena. Watu wakaanza kutazama. Mwisho wapita njia wawili, kwa wema wao, walimshika kwapani wakamvuta juu, mmoja akisema pole babu, pole babu.

Mzee alipofika kwenye kiti chake sebuleni alimwambia binti asimwombe tena kutoka.

Binti alimpigia fundi akiwa bado amesimama uani.

"Nilikuomba inchi mbili," alisema.

"Nikakuongezea moja. Zawadi. Ulisema unataka ipendeze."

"Baba yangu amebebwa kwapani na watu asiowajua, mchana kweupe. Hiyo ndiyo zawadi yako."

"Baba yupi? Uliniambia unakaa peke yako."

"Alinikataza kusema."

"Hata kwangu?"

Lilikuwa swali la haki, na labda kwa sababu hiyo lilimwuma.

"Kwani wewe nani?" alisema, akakata simu.

Alijuta kabla skrini haijazimika. Lakini kujuta ni jambo moja na kupiga simu tena ni jambo lingine, na wasichana waliolelewa na madereva wana shingo ngumu. Fundi alipopiga hakupokea. Bibie alibaki uani, na msichana akawa anakwenda kazini kwa miguu, fito begani, mapazia kichwani, akiwajibu wateja ndiyo na hapana. Kila alipopanda ngazi kutundika pazia aliikumbuka ile sauti ikisema hata kwangu, akajiona mkosefu. Amemficha mwenye kosa la inchi moja ukweli mzima, kisha akamlaumu kwa kutoujua.

Fundi naye hakulala vizuri. Kilichomuuma si lawama, bali lile swali la wewe nani. Alilitafutia jibu chini ya magari ya watu akalikosa.

Siku moja asubuhi, msichana akiwa ameshatoka, mtu aliyeulizia nyumba kwa majirani alibisha hodi. Mzee alimkaribisha bila kuinuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bila shaka wewe ndiye uliyenifunga ndani ya gari langu mwenyewe."

"Ndiye mimi. Nimekuja kuomba radhi, na kupima kiti chako."

"Kiti changu hakina kosa."

"Ndiyo maana nataka kukipima."

Mzee alimtazama kwa muda. Tangu avunjike watu walikuwa wamemuuliza habari za dawa, za maumivu, za usingizi. Hakuna aliyewahi kumuuliza ni kitu gani bado anakiweza. Na kiti kile alikiweza. Kilikuwa cha mbao, chenye mikono, na mto alioushona binti, na kila siku alikaa na kuinuka mwenyewe bila kumwita mtu. Alitaka kusimama kumpisha fundi, lakini fundi alimwomba abaki.

"Kiti hupimwa kikiwa na mwenyewe, mzee. Mto huu unadidimia. Na gari nalo hudidimia, tena zaidi. Binti yako bila shaka alipima viti vitupu, mimi nikapima kwa macho yangu. Sote tulikosea."

Alipiga magoti, akapima kutoka sakafuni mpaka chini ya paja la mzee, akachomoa kalamu mfukoni akaandika kwenye kiganja. Kisha akatoka uani, akaingiza jeki chini ya Bibie.

Haukupita muda, sauti ya mzee ikasikika dirishani ikisema jeki imekaa vibaya. Baadaye kidogo ikasema haoni vizuri. Fundi alitoa kile kiti akakiweka barazani, na mzee akakifuata mwenyewe kwa fimbo yake, akaketi kuamrisha. Aliamrisha kutwa nzima. Alieleza jinsi springi za malori ya zamani zilivyofungwa, akamsema fundi kwa kukaza boliti kabla ya wakati, akamsifu mara moja, kwa sauti ya chini. Vipande vya inchi tatu vilitolewa, vikajaribiwa vingine vya unene mbalimbali ambavyo fundi alikuwa amevichongesha. Zile springi za mbele nazo zilibadilishwa. Kila hatua fundi alijaza mifuko ya mchanga kwenye kiti cha mbele, akapima, akatikisa kichwa, akafungua tena.

Jioni msichana aliingia getini, gauni limejaa vumbi, fito begani. Alimwona baba barazani, na penseli ile sikioni kwa mtu ambaye hakutarajia kumwona. Hasira aliyokuwa ameiwekea akiba ilitafuta mahali pa kukaa ikakosa.

"Nani amekuruhusu kuligusa gari langu?"

"Gari langu," alisema mzee. "Weka fito chini, panda. Tunajaribu."

Walipanda wote watatu, maana kiti cha Bibie kilikuwa kimoja kirefu. Msichana alishika usukani, fundi akakaa katikati magoti yakibanana na gia, mzee akakaa mlangoni. Mzee alifungua mlango. Alitoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akashika fremu ya mlango, akasimama. Alisimama tu, kama anavyosimama sebuleni. Hakuna mkono uliomgusa. Alinyoosha shati lake, akatazama geti, akasema anakwenda kuona kama majirani bado wapo, na akaondoka polepole kwa fimbo yake.

Msichana alilia waziwazi, bila kujificha. Alipoweza kusema, hakugeuza uso.

"Nilikosea kukuficha. Na lile neno nililokwambia kwenye simu, nisamehe."

"Nami nilikuongezea kitu ambacho hukuniomba. Nisamehe."

Alifuta machozi kwa ncha ya utepe wake wa kupimia. "Umeipima kwa watu wangapi?"

Fundi alitazama magoti yake. "Watatu."

"Sisi tuko wawili."

"Najua. Uliniuliza mimi nani, nikakosa la kusema. Hili ndilo jibu langu. Mkikaa wawili gari litapanda nusu inchi, na mzee atahangaika kidogo. Ukitaka ya watu wawili, niambie. Nitafungua sasa hivi, na sitakununia. Lakini nakupenda, na ningependa kupanda kwenye hesabu yenu. Nije na wazee wangu kwa baba, nikuoe."

Taa ya baraza ya jirani iliwaka. Msichana alikitazama kile kifungo alichokishona, bado kiko imara.

"Na hapo katikati kila siku utakuwa unafanya kazi gani?"

"Kazi ya kuwa mzito."

Alicheka, machozi yakiwa hayajakauka, akauweka mkono wake juu ya kiganja cha fundi, pale palipoandikwa kimo cha kiti cha baba.

"Usifungue hata boliti moja," alisema.

Mzee alikuwa anarudi kutoka getini, bila haraka, akiongea na jirani aliyechungulia juu ya ukuta. Alifika mlangoni mwa gari, akawatazama wawili wale waliokaa wamebanana upande mmoja wa kiti ilhali nafasi ipo tele.

"Sogeeni zaidi," alisema. "Utingo anapanda."

Nao wakasogea.