Suti ya Don Facundo

Petrona alitua kapu lake la tamale, vile vitafunio vya unga wa mahindi alivyochuuza, akashika kiuno. Katika foleni ya maskini wa Kihispania waliokuwa wakiyakimbia mapinduzi, pale bandarini Veracruz, mbele ya ubalozi wao mdogo uliogawa tiketi za meli za bure, alisimama Eladio, mpenzi wake, ndani ya suti nyeupe ya kitani.

"Ehe! Bwana harusi! Unakwenda kumwoa nani huko kwenu?"

Eladio alitamani ardhi ipasuke. "Polepole, mpenzi. Ni suti ya mjomba. Amevaa nguo zangu ili aonekane maskini."

Petrona akachungulia mbele. Kweli bwana! Don Facundo, mwenye duka lile kubwa la vyakula, amevaa suruali ya viraka iliyogoma kufunga tumboni, anajikoholesha. Mzee mzima, haya hana. Miaka yote alimlaza mpwa wake chini ya kaunta, akamfanyisha kazi kwa makombo.

"Na wewe ukamvulia?"

"Ni mjomba wangu, Petrona. Nikifika nitakuita."

"Kamwite mbwa wako! Juzi ulinishika mkono ukasema unanioa. Kumbe ulikuwa unazipapasa tamale."

Karani alimpa Don Facundo tiketi, tena kwa huruma. Kisha akamkagua Eladio kuanzia kofia hadi viatu.

"Msaada huu ni wa maskini, bwana. Wewe jilipie."

"Mimi mpwa wa huyo mzee. Muulize!"

"Simjui," alisema Don Facundo. "Tajiri kama huyu nimjulie wapi?"

Eladio akatoka kwenye foleni, Petrona akashika kapu lake mkononi, akamfuata. Petrona aliwadharau wote wawili, ila huyu mmoja alimwuma moyoni, na hilo lilimkera zaidi.

Hawajafika mbali, Don Facundo akawafuata mbio, anapapasa mifuko iliyotoboka.

"Eladio! Ufunguo wa duka! Nimeusahau kwenye koti!"

Eladio akatia mkono mfukoni, akautoa. Karani alikuwa ametoka mlangoni, anawatazama. Petrona akarudi hatua moja nyuma, hili alitaka mwanamume alimalize mwenyewe.

"Samahani, mzee," Eladio alisema, akiurudisha ufunguo mfukoni. "Kwani tunajuana?"

Don Facundo akamtupia jicho karani, akaikumbatia tiketi yake, akaondoka.

"Petrona wangu, sasa nikuoe?"

"Vua kwanza hiyo suti, inanuka mjomba wako." Akajitwika kapu, tabasamu likimponyoka. "Na ukilala tena chini ya kaunta, usinitafute."