Mapera Matatu Kwenye Dashibodi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maiti ilikuwa bado imefunga mkanda.

Cuca Bañuelos, miaka hamsini na saba, alikaa nyuma ya usukani kama mtu anayesubiri taa iwake kijani. Macho wazi. Mdomo umekaa kama aliyekatizwa katikati ya ubishi. Gari lake lilikuwa limeegeshwa nyuma ya duka la dawa, mitaa miwili tu kutoka daraja la mpakani la kwenda El Paso, upande wa Marekani, na stika ya njia ya haraka iling'aa kwenye kioo cha mbele.

Juu ya dashibodi kulikuwa na mapera matatu. Yamepangwa mstari, utadhani yanasubiri kukaguliwa.

Inspekta Evaristo Montelongo aliyatazama mapera yale muda mrefu kuliko alivyomtazama marehemu.

"Kanyongwa, bosi," alisema Sajini Ledezma, akionyesha mfereji mwekundu shingoni. "Na mkanda wake mwenyewe. Mtu alikaa kiti cha nyuma, akauvuta juu, akaning'inia nao. Milango haijavunjwa. Mkoba upo, simu ipo."

"Alama za vidole?"

"Tele. Kitengo cha uchunguzi wanazichukua. Ila hili si gari la mtu mmoja, wamepanda wengi."

"Na haya matunda?"

"Si kifungua kinywa chake?"

Montelongo alicheka bila raha. "Ledezma, mwanangu, inaonekana Durango ulikotoka hakuna mpaka. Mwenye kadi ya njia ya haraka hapakii tunda. Hata mbegu ya chungwa! Kila asubuhi wanapekua viti kama nyani anayetafuta chawa. Kadi ile unachunguzwa mpaka ukoo wa bibi yako ndiyo upewe. Ukiwa nayo unavuka kwa dakika kumi. Ukisahau ndizi moja chini ya kiti, usiitaje, wakaiona, kwisha habari yako. Unarudi foleni ya walalahoi, masaa manne na jua kichwani."

"Kwa hiyo mapera yaliletwa na muuaji."

"Yaliletwa na mtu mwenye jambo la kusema."

* * *

Mume wa marehemu, Rosendo, alikuwa ameketi jikoni na kikombe cha kahawa ambacho hakukigusa. Alikuwa amevaa viatu tofauti, kimoja cheusi kimoja kahawia, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

"Mkeo alitoka saa ngapi?"

"Kumi na moja kasoro. Kama siku zote. Anawalea wajukuu wetu ng'ambo, mama yao anaingia kazini mapema."

"Mliachana vizuri?"

"Aliniambia nitoe takataka. Sikutoa."

"Nani alikuwa anasafiri naye?"

"Sasa hivi hakuna. Zamani walikuwa watatu. Yeye, Delfina Arreola na binti wa Delfina, Yadira. Cuca ndiye mama wa ubatizo wa yule mtoto, afande. Alimshika mwenyewe kwenye maji."

"Kwa nini zamani?"

Rosendo alikizungusha kikombe. "Mwezi wa pili walikamatwa na mapera kwenye gari. Mfuko, chini ya kiti. Delfina akanyang'anywa kadi."

"Gari la mkeo, kadi anyang'anywe Delfina?"

"Mapera yalikuwa ya Delfina."

"Nani alisema?"

"Cuca alisema."

"Na yule binti? Kadi yake si bado nzima? Kwa nini mkeo hakuendelea kumvusha?"

Mzee alitazama viatu vyake, akaona, akaikunja miguu chini ya kiti. "Cuca alisema hapakizi tena mtu. Alisema gari likishaandikwa mara moja, mara ya pili hawakuulizi."

* * *

Doña Chayo huuza burito, zile chapati za kukunja, kwenye foleni ya darajani, toka alfajiri mpaka joto limfukuze. Magari yote ya daraja lile anayajua, na madereva pia, nani katoka kugombana na mke na nani kalala kwa mchepuko.

"Mapera? Mimi?" alimaka. "Afande, nitie pingu kabisa! Upande huu wa njia ya haraka nikiuza tunda hata moja, watanipiga na ndoo yangu mwenyewe."

"Delfina Arreola unamjua?"

Mcheko ulimkauka. "Nani asiyemjua. Binti yake figo zimekufa zote mbili. Alizaliwa ng'ambo, kwa hiyo mashine ya kusafisha damu anayo kule kule, bure. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, saa moja na nusu kamili. Kabla ya yale mapera walikuwa wanapita hapa na Cuca wanaimba. Sasa Delfina na kigari chake anapanga foleni ya kawaida toka saa nane usiku. Siku nyingine wanafika, siku nyingine hawafiki. Mtoto anatapikia kwenye mfuko humo humo foleni. Wameshachelewa mara tatu. Hospitali imemwambia mara ya nne kiti anapewa mwingine, maana wanaosubiri ni wengi."

"Leo ni Jumanne," alisema Montelongo.

"Ndiyo maana nashangaa, mwanangu. Leo gari lao sijaliona kwenye foleni. Niliyemwona ni Delfina anatembea kwa miguu kuelekea kule duka la dawa. Peke yake. Saa kumi na moja hivi. Nikamwita, hakugeuka."

* * *

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, kuta za bluu. Delfina alifungua mlango kabla hawajagonga mara ya pili. Mwanamke mwembamba, nywele amezibana, mikono myekundu kwa sabuni.

"Karibuni. Yadira amelala, tuongee pole pole."

Montelongo aliingia, hatua mbili tu, akasimama. Pera ni tunda lisilojua kujificha. Harufu yake ilijaa jiko lile mpaka kwenye mapazia.

"Doña Delfina, asubuhi hii ulikuwa wapi?"

"Hapa. Mtoto aliamka vibaya, hatukusafiri."

"Cuca amekufa."

"Nimesikia." Hakusema kwa nani.

Mlangoni mwa friji kulikuwa na karatasi, maandishi makubwa kwa kalamu nyekundu. Inspekta alisoma bila haraka. Mgonjwa haruhusiwi: ndizi, machungwa, nyanya, maparachichi. La mwisho, limepigiwa mistari miwili: mapera.

"Hii karatasi ina muda gani hapa?"

"Miaka minne."

"Figo zikifa, matunda haya yanafanya nini?"

"Yanasimamisha moyo." Alijibu kama mtoto anayejibu katekisimu. "Ukila mengi, na damu haijasafishwa."

"Basi kwa miaka minne nyumba hii haijaingiza pera."

"Hata jamu yake."

"Mbona leo inanukia mapera, mama?"

Bomba la jikoni lilidondosha tone, likadondosha la pili. Ledezma alifungua kabati chini ya sinki, akatoa mfuko wa karatasi wa sokoni. Mapera matano.

Delfina alivuta kiti, akakaa. Akaifuta mikono yake kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Nilinunua jana," alisema. "Nilitaka ayaone."

"Cuca?"

"Barua ya rufaa mwisho wake ni kesho, afande. Nilikuwa nahitaji mstari mmoja tu kutoka kwake. Mmoja! 'Mapera yale yalikuwa yangu. Sahihi, Cuca Bañuelos.' Kadi ningerudishiwa. Miezi mitano namwomba. Nimempigia magoti kanisani mbele za watu. Ananiambia, Delfina, na mimi nina wajukuu kule, nikipoteza yangu nani atawalea?"

"Ukamfuata kwenye gari."

"Najua anapoegesha kunywa kahawa kabla ya kuvuka. Miaka sita nimepandia pale pale. Nikagonga, akafungua. Nikakaa nyuma, mahali pangu pa siku zote. Sikwenda kumuua. Andika hivyo. Nilitoa mapera matatu, nikanyoosha mkono, nikayapanga mbele yake. Matatu, kama siku ile. Nikamwambia, Cuca, hapa hakuna afisa. Hakuna kamera. Tuko mimi na wewe na Mungu. Kwangu pera haliingii, unajua, karatasi ile ya friji uliniandikia wewe kwa mkono wako. Niambie basi, kwa masikio yangu tu, yale yalikuwa ya nani?"

Ledezma aliacha kuandika.

"Akasemaje?" aliuliza Montelongo.

"Alinitazama kwenye kioo. Akasema, 'Yako.'"

Delfina akatingisha kichwa taratibu, kama bado anashangaa.

"Alikuwa amelisema mara nyingi sana, afande. Nadhani alikuwa ameshaliamini."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Yadira alikuwa amesimama pale, miaka kumi na tisa na uso uliovimba wa mtu asiyesafishwa damu toka Jumamosi. Alikuwa amesikia yote toka walipoanza kuulizana juu ya karatasi ya friji.

"Mama," alisema. "Hospitali wamepiga simu. Kile kiti wamempa mtu."

Mpaka hapo Delfina alikuwa hajalia.

* * *

Kesi ikafungwa siku ile ile, na mkuu wa kituo akamsifu Montelongo mbele ya wenzake. Montelongo hakusikia hata neno. Alikuwa kwenye simu, anabembeleza hospitali ya pili ya El Paso, ya tatu, ya nne. Mwisho mhudumu mmoja akamwambia: Alhamisi kuna mgonjwa mmoja hatakuja. Kiti ni cha siku hiyo tu. Saa moja na nusu. Akichelewa, basi.

Alhamisi saa kumi na mbili kasoro, foleni ya kawaida ilikuwa imefika mpaka kituo cha mafuta. Masaa manne, hayapungui. Kutembea kwa miguu Yadira asingeweza. Hatua kumi tu zilimkalisha chini. Inspekta hana kadi. Yadira anayo, nzima, haina doa. Kilichokosekana ni gari.

Akamsimamisha mwanzo wa njia ya haraka, akaanza kugonga vioo.

"Bwana, samahani. Ni binti mgonjwa, kadi anayo. Mbebe tu, hospitali ni dakika tano kutoka darajani."

"Ana mzigo?"

"Mkoba tu."

"Samahani, afande. Kwangu hapandi mtu."

Gari la pili. La sita. Alionyesha kitambulisho, ikawa mbaya zaidi. Habari za Cuca zilikuwa zimeshaenea njia nzima, na kila mmoja alikuwa amejifunza lake. Mwanamke mmoja mwenye rozari kwenye kioo alimsikiliza mpaka mwisho, machozi yakamlenga, akapandisha kioo. Kijana mmoja alisema, "Mzee, mimi nakuamini. Ila ndani ya mkoba wake kuna nini, wewe unajua?"

"Muoneeni huruma mtoto wa watu!" Doña Chayo aliwapigia kelele akiwa na ndoo yake. "Mnaenda mbinguni na kadi?"

Magari yalisogea. Hayakupiga hata honi.

Saa moja na nusu ikapita. Montelongo alirudi alipomwacha binti, koti limelowa jasho.

Yadira alikuwa amekaa juu ya tofali. Alifungua mkoba, akatoa pera. Moja, la njano, limeiva mpaka linalainika. Mapera manane yalinunuliwa; matatu yalikuwa kwenye dashibodi, matano kwenye mfuko. Sasa Montelongo akakumbuka: kituoni vielelezo viliandikwa saba tu, na yeye alidhani Ledezma kahesabu vibaya.

"Miaka minne," alisema Yadira. "Nilikuwa nimesahau yananukiaje."

"Yadira, hilo ni kielelezo."

"Ndiyo, afande."

Akalifuta kwenye sketi yake, akaling'ata. Montelongo aliona mkono wake mwenyewe ukinyooka kumnyang'anya, kisha akaurudisha mfukoni, maana hakuwa na kitu kingine cha kumpa.