Kidole Kwenye Tangi

Pikipiki ilikohoa, ikajivuta kidogo, ikazima. Mbele uwanda mkavu, nyuma uwanda mkavu, wala hapakuwa na jiwe la kumpa mtu kivuli.

Kijana aliyekuwa akiendesha alipiga kiki mpaka goti likamuuma. Kimya. Nyuma yake mama mkwe wake alishuka taratibu, akajipangusa vumbi, akatazama huku na huku. Alikuwa mkunga. Amepokea watoto wengi kuliko anavyoweza kukumbuka, na safari hii alikuwa anakwenda kwa mjukuu wake mwenyewe, aliyezaliwa kabla ya wakati kule kambi ya wachimba chumvi. Mtoto alikuwa hanyonyi, na kambini hakuna aliyejua la kufanya. Ujumbe wa mwisho kutoka kwa binti yake kwenda kwa mumewe, kijana huyu, kabla simu hazijapoteza mtandao, ulikuwa mfupi: "Sasa hata halii. Mama afanye haraka."

"Imepata joto," kijana alisema. "Tuipumzishe kidogo."

Huo ulikuwa uongo. Asubuhi ile, uani kwa mkunga, alikuwa amelifungua tangi ili abadilishe plagi na kusafisha chujio, matengenezo ya kawaida ambayo angeyafanya hata macho yamefumbwa. Lakini mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akimtazama, na mwanaume gani anaweza kuinama kwa raha, makalio juu, mbele ya mama mkwe? Alilirudisha tangi harakaharaka bila kuchungulia chini yake. Sasa alikuwa na hakika kwamba mpira wa mafuta umebanwa kati ya tangi na fremu, na joto limeulainisha mpaka ukajikunja. Kulisema jambo hilo kwa mdomo wake ndiko kulikomshinda. Aliona afadhali jua limmalize.

Wakakaa kwenye kivuli chembamba cha pikipiki yenyewe. Maji yalikuwa ndani ya dumu dogo, hayafiki nusu. Na kule upepo ulikotoka, anga ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya kutu.

Mkunga aliitazama ile kutu ikipanda.

"Mkwe, hii pikipiki inaumwa nini?"

"Joto tu, mama."

"Nimekaa na wanawake wanaoniambia tumbo linauma kidogo tu, na huku kichwa cha mtoto nakiona. Sema."

Akasema yote, macho chini. Mkunga hakumgombeza.

"Basi fungua. Na usinionee haya, huko anakufa mtu."

Alifungua kiti, kisha boliti ya nyuma ya tangi. Koki ya kufungia mafuta chini ya tangi ilikuwa mbovu, haifungi. Asubuhi alikuwa na ndoo ya kukingia mafuta, hapa hakuwa nayo. Alipouchomoa mpira, petroli iliruka, ikamwagika juu ya injini, harufu ikawapanda puani. Cheche moja tu ya moto na wangeungua wote wawili.

"Dumu!" alipiga kelele. "Mwaga maji, mama, nikinge!"

"Maji hayamwagwi!"

Mkunga akapenyeza mkono chini ya tangi, akaziba mdomo wa koki kwa kidole gumba. Mafuta yakabaki kuvuja tone kwa tone. Kijana alilinyanyua tangi, mama akalifuata hatua kwa hatua, mpaka akakaa chini nalo mapajani, mkono wa kushoto ukilishikilia kwa chini, kidole cha kulia kikiwa palepale.

Mpira ulikuwa umepasuka pale ulipojikunja. Kijana alikata kipande kibovu, kilichobaki kikawa kifupi mno. Alichomoa mwingine, ule wa kumwaga mafuta yanayozidi kwenye kabureta, akaanza kuulazimisha uingie. Hapo ndipo vumbi lilipowafikia.

Liliwapiga kama ukuta unaoanguka. Mchana ukawa mwekundu, kisha ukawa hauna rangi. Kijana alivua shati, akaziba kabureta, akalala juu ya injini. Mkunga alijikunja juu ya tangi, mchanga ukimchapa mgongoni, petroli ikimla ngozi.

"Nikupokee zamu!" kijana alimpigia kelele sikioni.

"Tukibadilishana yatamwagika! Tutafika na nini?"

Kijana aliogopa sana wakati ule, kuliko siku yoyote ya maisha yake. Alimwogopea mama huyu kwa namna ambayo hajawahi kumwogopea hata mama yake mzazi.

Upepo ulipopita, njia haikuwepo tena. Kijana aliuchomeka ule mpira kwenye koki, na mama akaweza kutoa kidole. Kidole cha mkunga kilikuwa kimevimba, kimekuwa cheupe, ngozi ikichunika. Mkono wa kushoto, uliokuwa ukipokea matone, ulikuwa umejaa malengelenge. Kijana akashika dumu.

"Tuoshe, mama."

"Tunywe. Mikono haina kiu."

Wakanywa. Kijana alilirudisha tangi polepole, akipitisha kidole chini yake toka mwanzo wa mpira hadi mwisho, wala hakukumbuka nani anamtazama. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu injini ikanguruma.

"Kambi iko upande gani?"

"Asubuhi jua lilitupiga mgongoni," mkunga alisema, akijikaza. "Sasa litupige usoni."

Walilifuata mpaka likakaribia ardhi, na mabati ya kambi yakaonekana.

Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma na beseni. Mke wa kijana alikuwa ameegemea ukuta, macho makavu, mtoto kifuani amelegea. Mkunga alinyoosha mikono, kisha akaisimamisha hewani. Vidole havikukunjika, na ngozi ile isingeweza kugusa mdomo wa kichanga.

"Nawa," alimwambia mkwe. "Sabuni, mpaka viwikoni."

"Mimi, mama?"

"Nani mwingine hapa ana mikono? Nawa, rudia, kisha rudia tena."

Akanawa. Mbele ya mama mkwe akashika titi la mke wake jinsi alivyoelekezwa, akalikamua tone likatoka, akalipaka kwenye mdomo wa mtoto.

"Kidevu kiguse kwanza. Ngoja afungue mdomo. Usiharakishe."

Mtoto hakufungua. Tone la pili. La tatu. Mke alifumba macho asione. Kisha mdomo ukafunguka, mdogo sana, na mkunga akanong'ona, "Sasa."

Koo dogo likapanda, likashuka. Likapanda tena, na safari hii wakamsikia akimeza.

Hapo mkunga aliketi sakafuni, mikono kaiinua mbele yake, akaanza kulia kwa maumivu, kwa sauti, bila kujificha. Na mkwe wake, mkono ukiwa bado kwenye kidevu cha mtoto, hakugeuza uso.