Kiberiti cha Bibi Halima

Kila alfajiri nilikuwa nikimaliza kuswali, nachukua ufagio wa chelewa. Nafagia ua mpaka mchanga unabaki na mistari. Majani, maganda ya muhogo, mifuko ya plastiki ya rambo, vyote navirundika nyuma ya choo. Kisha nawasha moto.

Mwaka wa kipindupindu, bwana afya alipita mtaani kwetu, hapa Mtwara, akatuambia tuchome taka. Alisimama uani kwangu akawaambia watu, "Tazameni ua wa Bibi Halima!" Nilifurahi sana. Tangu siku ile, miaka tisa, sikuacha kuchoma.

Januari ya mwaka 2007 mvua zilinyesha mfululizo. Taka zikalowa, haziwaki. Lakini sisi watu wa korosho tunajua la kufanya. Binti yangu Sharifa hubangua korosho kwenye kibanda cha akina mama, na jioni huniletea maganda kwenye gunia. Maganda ya korosho yana mafuta. Ukitupia konzi mbili tu, hata taka mbichi zinashika moto. Moshi wake ni mweusi na unawasha macho, lakini mimi niliona ni sawa. Ua unakuwa safi.

Mwezi huohuo mjukuu wangu Nasra, mtoto wa Sharifa wa miaka minne, alianza kukohoa. Kifua kilimbana mpaka mbavu zinaonekana. Tukampeleka zahanati. Muuguzi alimpa dawa, akasema, "Mtoto akae mahali pasafi."

Nikajiambia, kumbe uchafu ndio unaomkohoza. Nikazidi kufagia. Nikazidi kuchoma, asubuhi na jioni. Nasra akazidi kukohoa. Nilichanganyikiwa.

Sharifa naye alichoka. Siku moja aliniambia bila kunitazama, "Mama, Jumapili nitampeleka Nasra Newala, kwa bibi yake mzaa baba. Labda hewa ya kule itamfaa."

Nasra ndiye anayenishika mkono nikienda kisimani. Nyumba bila yeye itakuwaje?

Kesho yake asubuhi nikakosa kiberiti. Hakipo dirishani. Nikanunua kingine, jioni nacho hakipo.

"Sharifa, umechukua kiberiti?"

"Mimi nina makaa yangu jikoni, mama. Kiberiti cha nini?"

"Basi nani? Panya wanapika siku hizi?"

Nasra alicheka mpaka akakohoa.

Asubuhi iliyofuata makaa ya jikoni yalikuwa yamezimika, nikachukua kigae, nikaenda kuomba moto kwa jirani yangu Rebeka. Rebeka ni mama aliyetoka Masasi, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Hodi."

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nipe kaa moja, nichome taka. Mtoto anaumwa, nataka pawe pasafi."

Rebeka alikuwa amevaa tayari kwenda kazini. Lakini aliweka mkoba chini, akanivutia kigoda, akanimiminia chai. Sijasahau chai ile.

"Bibi, Nasra anakohoa zaidi saa ngapi?"

Nikafikiri. "Asubuhi. Na jioni."

"Na wewe unachoma saa ngapi?"

Nikakiweka kikombe chini. Asubuhi na jioni.

"Lakini bwana afya alisema tuchome!" nikasema. "Nimwamini nani, yeye au wewe?"

"Wakati ule tulikuwa tunakimbia kipindupindu, bibi. Inzi walikuwa kila mahali. Sasa tumejifunza zaidi. Moshi wa rambo una sumu. Moshi wa maganda ya korosho unachoma kifua, hata cha mtu mzima. Tena moshi huu haupotei wote. Hewa inayotoka kwenye moto inabaki juu, inaifunika dunia kama blanketi, joto linazidi. Misimu ya mvua inavurugika."

"Basi nisichome, nirundike tu?"

"Hapana. Taka za jikoni zikirundikana na kuoza bila kupata hewa, zinatoa gesi. Nayo inaongeza joto."

"Gesi? Ile inayochimbwa Mnazi Bay?"

Rebeka akacheka. "Ni ndugu yake kabisa. Ila ile iko bombani, hii yetu inajiendea tu."

Nikamwambia ukweli kwamba sielewi. Hakunicheka. Alikuja mpaka uani kwangu, akanionyesha kwa mikono. Majani na maganda ya muhogo yaende kwenye shimo, yachanganywe na udongo na kugeuzwa kila wiki ili hewa ipite. Yatakuwa mboji. Rambo na makopo viende kwenye kontena la mtaa. Maganda ya korosho yabaki kibandani, maana kuna kiwanda kinayachukua kwa ajili ya tanuru lenye bomba refu.

Siku hiyo nilichimba shimo, sikuchoma. Lakini jioni moshi ukaingia uani vilevile, na Nasra akakohoa. Nikatoka kutazama. Kontena la mtaa lilikuwa limejaa hadi juu, na watu wamelitia moto.

Nikaona shimo langu peke yake halitamponya mtoto. Na Jumapili ilikuwa inakaribia.

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa mtaa. Nilisimama.

"Naomba tuache kuchoma," nikasema.

Mtani wangu Mzee Kassimu akapiga kofi. "Jamani! Bibi Halima, wewe si ndiye mwalimu wetu wa moto?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka kidogo.

"Ndiyo, mimi," nikasema. "Nimechoma miaka tisa nikidhani ni usafi. Kumbe nilikuwa namziba pumzi mjukuu wangu. Kesho anaondoka. Nani hapa hana mtoto anayekohoa?"

Kicheko kikaisha. Mama mmoja akainua mkono, kisha mwingine.

Rebeka akaeleza kila kitu polepole. Tukaandika barua kwa halmashauri tukiomba kontena la pili na gari la taka lenye siku maalumu. Sisi tukaahidi kutenga taka nyumbani na kutolichoma kontena tena. Nami niliweka sahihi yangu.

Sharifa alikuwepo. Tukiwa njiani kurudi akasema, "Newala ingoje kwanza, mama."

Jumatatu Mzee Kassimu alikuja na jembe, akanichimbia shimo jingine, huku akinitania kwamba moto umenishinda uzeeni. Hakutaka hata uji. Miezi miwili baadaye gari likaanza kuja kila Alhamisi. Kwa kuwa majani yanabaki majumbani, kontena halijai upesi.

Kikohozi cha Nasra kilipungua, kisha kikakoma. Mchicha wangu unaota kwenye mboji, majani mapana kama kiganja. Ile gesi bado siielewi vizuri. Namuuliza Rebeka, naye ananieleza tena.

Juzi nilikuwa napanua shimo la mboji. Jembe likagonga kopo lililofukiwa pembeni. Ndani yake mlikuwa na viberiti viwili. Nasra akajificha nyuma ya mlango.

"Ni wewe?" nikamwuliza.

Akatikisa kichwa kukubali. "Bibi akiwasha, mimi nakohoa."

Nikakaa chini palepale, nikamfungulia mikono.

Akaja, akachukua kiberiti kimoja, akaniwekea kiganjani.

"Sasa chukua, bibi," akasema. "Cha kupikia tu."