Vidonge Juu ya Kabati

Jamani, asubuhi hiyo duka lilikuwa shwari. Fundi Mkasi anakata kitambaa, mkewe anakanyaga cherehani, na utani wao unakwenda na kurudi. Kovu la shingoni, mkewe alikotolewa uvimbe wa tezi mwezi uliopita, lilikuwa limefunga vizuri. Vidonge vya kalsiamu alivyopewa hospitali vilikuwa juu ya kabati. Mkasi ndiye aliyeviweka huko.

"Kidonda kimepona, mke wangu. Unameza chokaa ya nini?"

Mkewe akaacha kuvimeza. Haikuchukua siku nyingi. Midomo ya mkewe ikaanza kufa ganzi, vidole vikamchomachoma. Siku moja akimpima mteja kiuno, vidole vilijikunja pamoja, vikakakamaa, utepe ukaanguka.

"Mmeona?" Mkasi akawaambia wateja. "Mkono umegoma kazi!"

Wateja wakacheka. Mkewe akauokota utepe kwa mkono mwingine.

Kesho yake alianguka kando ya cherehani, mwili mzima ukimtetemeka. Mnajua Mkasi alifanya nini? Alifunga mlango! Aliogopa watu wasije wakasema ana mke mwenye kifafa, wakapeleka nguo zao kwingine. Nguo, ndugu zangu!

Dada yake Mkasi ndiye aliyeusukuma mlango ule.

"Kaka! Wifi yangu yuko sakafuni, nawe umeshikilia kitasa?"

Akaita teksi mwenyewe.

Daktari alieleza kwamba nyuma ya tezi ile kuna vitezi vidogo vinne, navyo viliumia wakati wa upasuaji. Hutoa homoni inayolinda kalsiamu ya damu. Kalsiamu ikishuka sana, mishipa ya fahamu huchachamaa, ndiyo maana ya ganzi, mikono kukakamaa, na hata degedege.

"Vidonge ndivyo vilivyomkinga. Nani alimwambia aache?"

Mkasi akatazama viatu vyake. Mkewe, dripu mkononi, akajibu kwa sauti ndogo:

"Ni mimi, daktari. Nilisahau."

Afadhali angemtukana. Mdomo wa kumcheka mbele ya wateja aliupata, wa kusema kweli mbele ya daktari hakuupata. Mkewe alipona. Mpaka leo Mkasi humletea vidonge na maji kila asubuhi, na bado hajaweza kumtazama machoni.

FUNZO

Kidonda kupona si mtu kupona. Dawa ya hospitali haiachwi kwa amri ya mume wala jirani. Muulize daktari kwanza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mgonjwa akianguka hana aibu yoyote. Aibu ni ya aliyefunga mlango.