Vidole vya Bibiana

Msimu wa korosho ukifika Newala, hakuna mtoto anayetoka shule akaenda moja kwa moja kucheza. Bibiana naye hivyo hivyo. Akishavua sare, anakula ugali wake wa muhogo na mbaazi, anachukua ndoo na kumfuata mama yake shambani nyuma ya nyumba, kuokota mabibo yaliyoanguka na kuzinyonga korosho zake zing'oke. Ila Bibiana hakuweza kufanya kazi moja tu kwa wakati mmoja. Akiokota, anaimba. Akinyonga, mguu unapiga mdundo. Ndoo ikifika nusu, tayari ameigeuza ngoma na korosho zimetawanyika chini.

"Bibiana, tulia," mama yake, Anjelina, alimwambia siku hiyo kama alivyomwambia jana yake.

"Nimetulia, Mama."

"Umetulia wapi, na hiyo miguu?"

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, kiguu na njia hasa. Na mwaka ule mambo ya kumchangamsha yalizidi. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameanza kupandisha malori yao mpaka Newala, na malori yalikuja na vitu ambavyo zamani watu walivisikia tu: sabuni za kunukia, mitumba, na redio kaseti. Redio zikaharibika, kwani kipi kisichoharibika? Wa kuzitengeneza alikuwa Mjomba Nathanaeli, kaka yake Anjelina, mwenye kibanda cha ufundi karibu na soko.

Siku moja dereva wa lori aliacha kwake redio yenye kaseti ndani. Mjomba alipoijaribu, ukatoka wimbo wa roki wa Kizungu, magitaa yananguruma mpaka bati la kibanda linatetema. Bibiana, aliyekuwa anapita, alisimama mlangoni kimya mpaka wimbo ukaisha. Mjomba alishangaa kumwona mtoto yule ametulia.

"Mjomba, hivi wimbo huu unapigwaje?"

"Huu? Huu ni wa kodi mbili tu," Mjomba akasema, akalishusha ukutani gitaa lake kavu, lisilo la umeme. "Hata mtoto anaweza, akiwa na subira."

Kodi, akamweleza, ni pale vidole kadhaa vinapobana nyuzi kwa pamoja, ukizipiga unapata sauti moja iliyoshiba. Wimbo ule ulihitaji kodi ya A na kodi ya E. Katika A, vidole vitatu vya mkono wa kushoto vinajipanga kwenye mstari mmoja, vimebanana kama abiria kwenye benchi. Katika E, vinaachana kidogo. Mkono wa kulia unapiga, wa kushoto unahama, basi. Maneno ya Kizungu hakuna aliyeyaelewa, kwa hiyo wakatunga yao: "Panda, panda, Newala ipo juu."

Bibiana akafika kila jioni kujifunza. Akaja pia Ashraf, mwenzake wa dawati moja, mtoto mpole anayefikiri mara mbili hata kabla ya kujibu salamu. Mwalimu Getrude, mwalimu wao wa darasa, alipopata habari alifurahi sana, maana mahafali ya darasa la saba yalikuwa yanakaribia na alikuwa anatafuta burudani mpya ya kuwaonyesha wazazi.

"Ijumaa nitawasikiliza," alisema. "Atakayeupiga wimbo wote bila kukatika ndiye atakayepanda jukwaani."

Kuanzia hapo roho ya Bibiana haikukaa mahali pake. Darasani alibana rula kana kwamba ni shingo ya gitaa. Kanisani alipiga kodi kwenye ubao wa benchi mpaka mama akamfinya. Alilitaka jukwaa lile kuliko kitu chochote. Lakini vidole vilikataa. Nyuzi za chuma ziliuma, na kila alipobana A, uzi mmoja ulikoroma badala ya kulia. Alikuwa anajaribu kidogo, akiona uchungu analitua gitaa na kutoka nje kuzunguka kibanda, kisha anarudi tena. Ashraf alikuwa amekaa tu na kubana na kuachia, kubana na kuachia, na kodi zake zilianza kutoka safi.

"Mbona wewe huumii?" Bibiana akamuuliza kwa hasira.

"Naumia. Ila nikiacha nitaumia upya kesho."

Mjomba akawaonyesha ncha za vidole vyake, ngumu kama pembe. "Hii ni sugu. Ikishaota, huumii tena. Lakini haiuzwi dukani. Piga kila siku, itakuja yenyewe."

Itakuja lini, na Ijumaa ndiyo hiyo inagonga mlango? Bibiana alirudi nyumbani amenuna. Njiani akampita jirani yao, Bibi Bimdogo, amekaa kwenye jiwe lake anabangua korosho, kazi aliyoifanya tangu ujana wake. Vidole vyake vilikuwa vyeusi na vigumu, na vilikuwa vinaokota korosho za moto kutoka kwenye karai bila hata kusita.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona leo huimbi?"

Bibiana alikuwa anavikodolea macho vidole vile. Akili yake ikaanza kukimbia, na ikikimbia huwa haiangalii inapokanyaga. Bibi ana vidole vigumu. Bibi anashika maganda ya korosho kila siku. Kwa hiyo mafuta ya ganda ndiyo yanayokomaza ngozi!

Jamani, mtoto wa Newala asiyejua mafuta ya ganda bichi la korosho ni nani? Kila nyumba ina mtoto aliyewahi kung'ata korosho mbichi akatembea na midomo iliyovimba. Bibiana mwenyewe aliwahi kumcheka mmoja. Lakini mwenye shida hujipa sababu. Nitapaka kidogo tu, alijiambia, kwenye ncha tu. Akaenda nyuma ya jiko, akazipasua korosho mbichi kwa jiwe, akavichovya vidole vitatu vya mkono wa kushoto kwenye yale mafuta ya kahawia, akavipuliza vikauke. Mwanzoni hakusikia chochote. Akafurahi.

Asubuhi vidole vilikuwa vyekundu, vinawaka. Alipotoka shuleni vilikuwa na malengelenge, na ngozi imegeuka nyeusi pembeni. Hakuweza kushika kijiko, sembuse uzi wa gitaa. Mama alipouona mkono ule, alidondosha mwiko.

"Umefanya nini?"

Bibiana akafungua kinywa aseme kweli. Akaona aibu, akaona na fimbo, ukweli ukarudi ndani. "Nilikuwa namsaidia Bibi Bimdogo kubangua," akasema. "Alinipa maganda mabichi niyapasue."

Ilimtoka upesi hivyo. Mama akamfunga kitambaa, akampeleka hospitali, muuguzi akayasafisha malengelenge, akampaka dawa na kusema Mungu amesaidia hakuyagusa macho. Waliporudi, Mama hakuingia ndani. Akavuka moja kwa moja kwenda kwa jirani.

"Mama Hamudi," akaanza, maana hivyo ndivyo alivyomwita Bimdogo kwa heshima ya mwanawe, "mimi na wewe tumekaa vizuri miaka yote. Leo unamtumikisha mwanangu kwa maganda mabichi?"

Bibi Bimdogo akainua kichwa. "Mwanao? Sijampa ganda mimi."

"Mkono wake wenyewe unasema. Kuanzia leo hatakanyaga kwako."

Majirani wakasikia. Newala maneno hayana haja ya kupanda basi. Kesho yake kwenye foleni ya maji, wanawake wakanong'onezana Bibi Bimdogo alipofika na ndoo yake. Watoto waliozoea kukaa kwenye moto wake na kupewa korosho zilizovunjika wakaitwa na mama zao warudi nyumbani. Bibi akabaki peke yake kwenye jiwe lake, anabangua, haongei na mtu.

Bibiana alikuwa anamwona dirishani. Alijaribu kukaa, akashindwa. Akasimama, akashindwa pia. Safari hii hapakuwa na wimbo uliokuwa unamtikisa. Alimwona Bibi akiinua macho kila mtoto anapopita njiani, kisha akiyashusha.

Aliona afadhali fimbo kuliko hali ile. Akaenda shambani alipokuwa mama yake.

"Mama, Bibi Bimdogo hajanipa maganda."

Anjelina akaacha kuokota. "Sema tena."

Akasema yote: nyuzi, Ijumaa, vidole vyeusi vya Bibi, mafuta. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakunyamaza mpaka akamaliza. Mama yake aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Bibiana akasubiri fimbo, haikuja, na kutokuja kwake kukamuuma zaidi.

"Umenifanya nimtukane mtu mzima asiye na kosa," Mama akasema taratibu. "Simama. Twende wote."

Walimkuta kwenye jiwe lake. Anjelina akapiga magoti, na Bibiana nyuma yake. Mama hakujitetea. Alisema, "Nimekosa, Mama Hamudi. Nilikuja na maneno kabla ya kuuliza." Kisha akamsukuma mwanawe mbele, na Bibiana akarudia maneno yale yale aliyoyasema shambani. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na ndoo zao kichwani wakasimama wakasikiliza, na Mama hakuwafukuza. Alitaka wasikie.

Bibi Bimdogo akaiweka chini korosho aliyokuwa ameishika. "Imeniuma," akasema. "Watoto kuitwa waondoke kwangu, imeniuma sana." Halafu akauomba mkono uliofungwa, akautazama, akatikisa kichwa. "Ulidhani mafuta ndiyo yamenikomaza? Mafuta hayakomazi, yanatafuna. Ona hapa." Akasogeza kibakuli cha majivu kilichokuwa kando ya jiwe. "Kabla sijashika ganda napaka majivu, na nikimaliza napaka tena. Korosho zenyewe nazichoma kwanza mafuta yatoke. Ugumu huu umeletwa na kazi, mjukuu wangu, miaka na miaka. Ungeniuliza, ningekwambia. Kuuliza si aibu."

Ijumaa, Bibiana alikwenda shuleni na mkono umefungwa. Akamweleza Mwalimu Getrude ukweli kabla hajaulizwa. Ashraf akaupiga wimbo, mkono wa kushoto ukitoa kodi zote safi, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa na woga, mdundo ukakatika mara mbili. Ulipiga nyuzi kama unaomwamsha mgonjwa. Mwalimu akamtazama Mjomba Nathanaeli, aliyekuja kulileta gitaa.

"Kodi anazo, mdundo hana," Mjomba akakubali. Akajikuna kidevu. "Na huyu mwingine mdundo anao kupita kiasi, vidole hana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kaeni benchi moja. Ashraf, wewe bana. Bibiana, mkono wako wa kulia mzima? Basi piga."

Bibiana aliona haya kwanza. Alilitaka jukwaa lote, sasa anagawiwa nusu yake. Lakini akaketi. Gitaa likalala kwenye mapaja yao wote wawili, Ashraf shingoni, Bibiana tumboni. Mara ya kwanza ikawa vurugu: Bibiana alikimbia, na Ashraf alikuwa bado anahama kutoka A kwenda E.

"Ningoje," Ashraf akasema.

"Fanya haraka."

"Siwezi. Ningoje."

Kungoja! Hakuna kazi iliyomshinda Bibiana kuliko hiyo. Akavitazama vidole vya mwenzake, akavipa muda vitue, ndipo akapiga. Gitaa likanguruma sawasawa. Wakarudia, wakarudia tena, mpaka jua likapungua na Mjomba mwenyewe akaanza kutingisha kichwa.

Siku ya mahafali wazazi walijaa uwanjani. Watoto wawili walipanda na gitaa moja, watu wakaanza kucheka, wakidhani ni mchezo wa kuigiza. Kisha A ikalia, ikafuata E, na ule mdundo ukashika. Darasa la saba likaimba "Panda, panda, Newala ipo juu," na hata akina mama wa foleni ya maji wakapiga makofi. Bibi Bimdogo alikuwa mstari wa mbele, na watoto wamemzunguka. Bibiana alipiga kwa nguvu zake zote, lakini kila palipokuwa na kuhama alimsubiri Ashraf.

Walipomaliza alimkimbilia Mjomba wake, roho juu. "Mjomba, mkono ukipona nitaanza tena?"

"Utaanza. Ila ngozi itakayoota itakuwa laini kama ya mtoto mchanga. Utaumia kuliko mwanzo."

"Nitaumia mpaka lini?"

Mjomba akaangalia upande wa Bibi Bimdogo, akampisha amjibu.

"Mpaka vikomae," Bibi akasema. "Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Ulitaka sugu ya siku moja, ukapoteza hata ngozi uliyokuwa nayo. Kisha ukataka kujiokoa kwa uongo, ukanipotezea mimi majirani. Kazi haina njia ya mkato, Bibiana, na kosa halina njia ya mkato pia. Hili la pili umelitengeneza wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya watu. Ndiyo maana leo nimekuja kukusikiliza."

Bibiana akamshika mkono Bibi kwa ule mkono wake mzima, wakatembea pamoja kurudi nyumbani polepole, kwa mwendo wa Bibi.