Chapuchapu na Herufi za Risasi

Kila siku baada ya masomo, Chapuchapu alipitia kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji cha familia yao kabla ya kwenda nyumbani. Jina lake halisi lilitumiwa na mwalimu tu wakati wa kuita mahudhurio. Kwingineko kote aliitwa Chapuchapu, kwa kuwa hakuna kazi aliyoifanya polepole. Alifagia chapuchapu, alifua chapuchapu, na hesabu alikuwa wa kwanza kuzimaliza na wa kwanza kuzikosa.

Kiwanda kilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha baba, chenye kompyuta na printa kubwa iliyotema karatasi huku ikinguruma. Cha nyuma kilikuwa cha shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke mnene mcheshi ambaye aproni yake ilikuwa na wino mwingi kuliko kitambaa. Humo mlikuwa na mtambo mzito wa chuma uliochapa kwa kuvutwa mpini, na trei pana za mbao zilizogawanywa vijumba vidogo vidogo. Kila kijumba kilikaliwa na herufi ya aina moja, iliyotengenezwa kwa madini ya risasi. Wateja wachache waliopenda kadi zenye maandishi yaliyodidimia kwenye karatasi bado walimjia.

"Shangazi, mtambo huu si upelekwe makumbusho?" Chapuchapu alipenda kumtania.

"Na mimi je, mtaniweka kabatini nyuma ya kioo?" shangazi alijibu, na wote wawili wakacheka.

Wiki moja shangazi alimpa kazi. Kadi za harusi zilikuwa zimekwisha kuchapwa, na herufi zilitakiwa kurudishwa, kila moja kwenye kijumba chake.

"Angalia vizuri," shangazi alimwambia. "Herufi ya risasi imegeuzwa, ili ikigonga karatasi isomeke sawasawa. Kwa hiyo b utaapa kuwa ni d, na d utaapa kuwa ni b. Ukizembea hapa, baba atageuka dada."

Chapuchapu alicheka, lakini akili yake ilikuwa chumba cha mbele, ambako mchezo wa kompyuta ulimngoja. Alizigawa herufi kwa kukisia, huku nyingine akizirusha kwa mbali. Shangazi alipomuuliza kama amezikagua, alijibu bila kupepesa macho, "Ndiyo, zote."

Siku chache baadaye mvua kubwa ya upepo ilipita mjini ikaangusha nguzo za umeme. Mtandao ulipotea, na simu zikaisha chaji moja baada ya nyingine. Chapuchapu alipofika kiwandani alasiri, pamoja na rafiki yake wa darasani aliyeitwa Mrefu kwa sababu alikuwa mfupi mno, alimkuta baba ameketi mbele ya kompyuta iliyozimika, mashavu mikononi.

Kabla hawajamsalimia vizuri, nesi wa zahanati aliingia akihema.

"Jamani, nisaidieni! Bomba kuu limepasuka karibu na mtaro wa maji machafu. Tangu asubuhi naletewa watoto wanaotapika na kuharisha, na mmoja amezidiwa. Jioni hii watu watachota tena maji yaleyale na kuwanywesha watoto."

"Umeshawatangazia?" baba aliuliza.

"Nimetangaza mpaka sauti imekauka, na nimefika mitaa miwili tu! Tena huko nyuma tayari wanabishana. Huyu anasema nimeagiza wachemshe maji, yule anasema nimewakataza kuchemsha. Nataka karatasi kila kona, zote ziseme jambo moja."

Baba aliitazama printa yake kwa huzuni. "Nesi, bila umeme mimi hapa ni pambo tu."

"Sogeeni mtoke njiani!" Ilikuwa sauti ya shangazi, ambaye tayari alikuwa anafunga aproni. "Mtambo wangu haujawahi kuona waya. Nesi, niambie maneno."

Nesi akasema, na shangazi akaanza kupanga. Chapuchapu alikuwa amemwona akifanya kazi hiyo mara nyingi, lakini siku hiyo, kwa kuwa hapakuwa na mchezo wa kumvuta kwingine, alitazama kweli. Macho ya shangazi yalikuwa kwa nesi, wala hayakushuka kwenye trei. Mkono wake ulizunguka wenyewe, ukaingia kijumba hiki, ukaruka kile, na herufi zikajipanga kwenye kishikio cha chuma kama watoto wanaoingia darasani. Chapuchapu aliduwaa. Alikuwa ameishi karibu na maajabu haya miaka yote akiyaona ni vyuma vikuukuu!

Kisha mkono ukaingia kwenye kijumba cha d, na Chapuchapu akazikumbuka herufi alizozirudisha kwa kukisia. Shangazi hakuwa anaangalia herufi. Aliviamini vijumba, na aliyevijaza vijumba ni nani? "Labda sikukosea," Chapuchapu alijiambia, akanyamaza.

Baba alipaka wino, shangazi akavuta mpini, na karatasi ya kwanza ikatoka. Baba akaisoma kwa sauti. "Msinywe maji ya domba. Chemsheni kwanza. Njooni zahanati mpewe bawa ya maji..." Akasita. "Bawa? La kuku au la bata?"

Mrefu alicheka mpaka akashika tumbo. Nesi hakucheka. "Nikibandika hii, mji mzima utafanya kama mtoto huyu. Watacheka, halafu watakunywa."

Shangazi aliichukua karatasi, akaitazama, kisha akavitazama vidole vyake. "Mikono hii haijanidanganya tangu ujana wangu," alisema kwa sauti ndogo isiyokuwa yake. "Basi imechoka. Nesi, nisamehe, tafuta njia nyingine. Mimi nisije nikaua watu."

Chapuchapu alimtazama shangazi. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini karatasi zisingetoka, na shangazi angeondoka pale akiamini kuwa mikono yake imekwisha.

"Si mikono yako, shangazi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Nilizirudisha herufi kwa kukisia, halafu nikakwambia nimezikagua. Nilikudanganya."

Baba alifungua mdomo kukemea, lakini shangazi alimzuia kwa mkono.

"Nitakukasirikia kesho, tena vizuri," alimwambia Chapuchapu. "Leo nayahitaji macho yako. Chukua kijumba cha b, mimi nachukua cha d. Tazama moja moja."

Chapuchapu aliketi. Aliinua herufi, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama mpaka akawa na hakika, ndipo akaiweka. Akainua nyingine. Mara mbili alitaka kwenda haraka, na mara mbili alijizuia. Baada ya muda jambo la ajabu likatokea: macho yake yalizoea, akaanza kuzisoma herufi kinyumenyume kama vile alizaliwa hivyo.

Shangazi alisahihisha mistari, akavuta mpini. Safari hii baba alisoma mpaka mwisho bila kusita: maji ya bomba yasinywewe kabla ya kuchemshwa, dawa ya maji ni bure zahanati, mtoto akiharisha aletwe mara moja. Nesi alishusha pumzi ndefu.

Ndipo kazi ikaanza. Baba alipaka wino, shangazi akavuta, Chapuchapu akapokea. Ikatoka karatasi, ikatoka nyingine, na nyingine, na hakuna iliyotofautiana na mwenzake hata kwa nukta.

"Hebu fikiri," baba alisema akifuta jasho. "Kabla ya kuwepo mitambo kama hii, aliyetaka kitabu ilibidi kinakiliwe kwa mkono, neno kwa neno, miezi na miezi. Kitabu kilikuwa cha wakubwa na matajiri. Mtu wa kawaida alisubiri kuambiwa. Herufi za kupangwa na kupanguliwa zilipoenea, taratibu hata mtoto wa fundi viatu akaweza kujisomea mwenyewe. Hata kompyuta yangu unayoipenda imetokana na safari hiyohiyo."

Chapuchapu alichungulia chumba cha mbele. Kwenye kibodi kila herufi ilikuwa na mahali pake, kama kwenye trei. Alisisimka mwili mzima. Watu wangapi, wasiojuana, walikuwa wamefikiri na kukosea na kufikiri tena, mpaka maneno yakafika hapa?

Jua lilipokuwa linazama, yeye, Mrefu na nesi walikuwa wanabandika karatasi mitaani. Watu walikusanyika wakisoma, na wasiojua kusoma wakasomewa na watoto wao. Chapuchapu alisimama kwenye njia panda akasikia sauti upande huu na upande ule, ya mzee hapa na ya mtoto kule, zote zikisema maneno yaleyale. Hakuna aliyekuwa anabishana. Muda si mrefu moshi wa majiko ukapanda ua baada ya ua, na masufuria ya maji yakaanza kutokota.

Asubuhi nesi alipita kiwandani. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini alitabasamu. Mtoto aliyezidiwa alikuwa amefumbua macho na kuomba uji, na kutoka mitaa iliyobandikwa karatasi hakuletwa mgonjwa mpya hata mmoja.

Shangazi alimvuta Chapuchapu mbele ya mtambo. Hasira aliyoahidi ilitoka, tena ndefu, na Chapuchapu aliipokea yote akiwa ameinamisha kichwa. Kisha sauti ya shangazi ikalainika.

"Mwanangu, mashine haijui ukweli wala uongo, iwe hii yangu au ile ya baba yako. Inachukua ulichoipa, inakipeleka kwa watu wengi ambao hutawaona kamwe. Ukiipa uzembe, itausambaza. Ukiipa kazi safi, itaisambaza vilevile. Ndiyo maana anayeigusa lazima awe mkweli, hata pale ambapo hakuna anayemkagua. Jana uliogopa, lakini ulisema kweli, na yule mtoto leo anakunywa uji."

Chapuchapu aliitazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa na wino mweusi kwenye kucha. Hakuwahi kufikiri kwamba mikono midogo kama ile ingeweza kufika katika nyumba zote zile. Aliogopa kidogo, akafurahi sana.